Jina la Hamu: Safari ya Aya Moja ya Biblia katika Taaluma ya Lugha za Afrika



Swali la kwamba Biblia inafundisha nini kuhusu rangi, kabila na usawa wa binadamu kwa kawaida huachiwa wanateolojia. Naomba ruhusa ya kulijadili kama mwanaisimu, na sababu ninayo. Kwa karibu karne nzima, tangu miaka ya 1870 hadi miaka ya 1960, mojawapo ya makundi makuu ya lugha katika vitabu vya fani yetu lilibeba jina la Hamu, mmoja wa wana watatu wa Nuhu. Jina hilo halikulindwa na mapadri wala wachungaji peke yao. Lilitetewa, likapangiwa sarufi na kufundishwa na maprofesa wa lugha. Kwa hiyo deni hili ni letu pia.

Hoja nitakayoitetea ni fupi. Mafundisho kwamba Biblia imewagawa binadamu katika mbari za juu na za chini hayakutokana na aya yoyote ile. Yalitokana na jina lililohamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, mara kadhaa, kila mara bila ushahidi wa matini. Tukiifuata safari ya jina hilo tutapita katika nchi zetu wenyewe, na tutaona pia kwamba tafsiri ya Kiswahili ilikuwa na uwezo wa kuufichua uhamisho huo kuliko Biblia ya Kiingereza iliyosomwa na wale waliouleta kwetu.

Aya yenyewe

Habari imo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, aya ya 20 hadi ya 27. Baada ya gharika Nuhu alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu akauona uchi wa baba yake, akatoka kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika mzee bila kumtazama. Alipolevuka, Nuhu akatamka laana.

Hadi hapo watu wengi huijua hadithi. Nimezoea kuwauliza wanafunzi wangu, Wakristo na Waislamu, ni nani aliyelaaniwa, na wengi hujibu bila kusita: Hamu. Sivyo. Aliyelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu, ambaye hatuambiwi kwamba alilikaribia hema. Katika aya tatu za laana na baraka, jina la Kanaani limetajwa mara tatu, na la Hamu halikutajwa hata mara moja. (Jina lenyewe, niseme kwa kupita, huwachekesha wanafunzi, maana kwa Kiswahili hamu ni shauku, lakini hilo ni neno jingine kabisa, la asili ya Kiarabu, na halina undugu na mwana wa Nuhu.)

Sura inayofuata inaorodhesha wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi ni nchi iliyokuwa kusini ya Misri, kwenye Mto Naili. Misri inajulikana. Putu huwekwa na wataalamu wengi upande wa Libya. Kanaani ni nchi ya Shamu, kutoka Sidoni hadi Gaza, ambayo baadaye Waisraeli waliiteka. Watatu wa kwanza, yaani wale walioelekea upande wa Afrika, hawakuguswa na laana. Aliyeguswa ni yule wa nne, ambaye uzao wake haukuwa wa Kiafrika, na ambaye waandishi wa Kiisraeli walikuwa na sababu ya kisiasa ya kumsema vibaya. Aya hii ilihitajika kueleza kwa nini Wakanaani walitiishwa. Hayo ni mambo ya majirani wawili waliogombea ardhi moja, na rangi ya ngozi haimo katika sura hizo mbili, wala kwa neno wala kwa fumbo.

Laana yenyewe kwa Kiebrania imejengwa kwa kurudia neno: mtumwa wa watumwa. Huo ni muundo wa kawaida wa kutia mkazo katika lugha hiyo, kama vile wimbo ulio bora unavyoitwa wimbo wa nyimbo. Si unabii wa utumwa wa vizazi vyote. Watafsiri wa Union Version ya 1952 waliuelewa hivyo, wakatumia neno kabisa badala ya kurudia nomino.

Msamiati wa watu

Sura ya 10 ya Mwanzo inapofunga orodha ya kila mwana wa Nuhu, inataja vigezo vinne vya kuwagawanya watu: jamaa, lugha, nchi na mataifa. Kwa mwanaisimu ni fahari ndogo kuona lugha imo. Kitabu cha Ufunuo, katika sura ya 7, kinarejea orodha ya namna hiyo kwa Kigiriki, na Union Version inaitafsiri kwa maneno taifa, kabila, jamaa na lugha. Maneno hayo yote manne yana asili ya Kiarabu. Karl Roehl, aliyeitoa Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu, lakini watumiaji wa Kiswahili hawakumfuata sana katika jambo hilo. Nadhani walikuwa na haki. Wasomaji wa pwani waliyajua maneno hayo kutoka upande mwingine pia: Kurani, katika sura ya 49, aya ya 13, inasema binadamu wameumwa kutokana na mwanamume na mwanamke, wakafanywa mataifa na makabila ili wajuane. Wingi wa neno kabila umo katika aya hiyo hiyo.

Ninalotaka mlizingatie ni kile kisichokuwamo. Kiebrania cha Agano la Kale na Kigiriki cha Agano Jipya havina neno linalolingana na mbari kwa maana iliyotawala Ulaya katika karne ya 19, yaani kundi la watu lenye tabia na akili za kurithi zinazosomeka katika ngozi na fuvu. Kiswahili nacho hakikuwa na neno hilo. Tunaposema ubaguzi wa rangi tunatumia neno lenye asili ya Kiajemi ambalo kwa kweli ni la mchoraji na mpaka chokaa, na mbari ni neno la ukoo lililopandishwa cheo na wanataaluma. Kamusi zetu zinahangaika hapa kwa sababu dhana yenyewe ilikuja na meli.

Neno kabila nalo halikubaki lilivyokuwa. Katika Tanganyika, Gavana Donald Cameron alianzisha utawala usio wa moja kwa moja, na sheria ya mamlaka za wenyeji ikapitishwa mwaka 1926. Kuanzia hapo kabila lilihitaji mipaka, chifu, hazina na rejista ya kodi. Mtu aliyeifungua Biblia ya 1952 na kukuta makabila kumi na mawili ya Israeli aliyaelewa kwa sura ya makabila ya mkuu wa wilaya. Kisha lugha ikatenda kazi yake: kwa kiambishi kile kile u-, kutoka kabila tulipata ukabila, ambao ni lawama, na kutoka taifa tukapata utaifa, ambao ni sifa. Biblia haikutoa hukumu hiyo. Tuliitoa sisi, kwa sababu zetu za kisiasa, na pengine zilikuwa sababu nzuri.

Nani ni Mkushi?

Hapa ndipo tafsiri ya Kiswahili inapostahili kusomwa kwa makini zaidi ya inavyosomwa. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, inamwita mwana wa kwanza wa Hamu kwa jina la Cush. Lakini inapofika kwa mke wa Musa katika Hesabu sura ya 12, kwa ngozi isiyobadilika katika Yeremia sura ya 13, na kwa mtu aliyemtoa Yeremia shimoni katika sura ya 38, neno lile lile la Kiebrania linageuzwa kuwa Ethiopian. Msomaji wa Kiingereza hana njia ya kujua kwamba hao wote ni wa ukoo wa Hamu, kwa mujibu wa orodha ya Mwanzo.

Union Version haikufanya hivyo. Iliandika Kushi na Mkushi mwanzo hadi mwisho, na hata katika Matendo ya Mitume sura ya 8, ambapo Kigiriki kina neno lenye maana ya mtu wa uso uliounguzwa na jua, ilimwita yule towashi mtu wa Kushi. Uamuzi huo wa watafsiri haukusifiwa ninavyojua, na pengine wao wenyewe waliuona kuwa suala la usawa wa istilahi tu. Lakini matokeo yake ni makubwa. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuufuata uzi mmoja: mwana wa kwanza wa Hamu ni Kushi, Musa ameoa mwanamke Mkushi, Miriamu anayemlalamikia ndiye anayepigwa ukoma, akawa mweupe kama theluji, jambo ambalo halikosi kejeli, Ebedmeleki Mkushi ndiye mwenye ujasiri pale wakuu wa Yuda walipomwacha nabii azame matopeni, na miongoni mwa wageni wa kwanza kubatizwa katika Matendo ni mtu wa Kushi, msimamizi wa hazina ya malkia. Nabii Amosi, katika sura ya 9, anakwenda mbali zaidi na kuwauliza Waisraeli kama wao mbele ya Mungu wanatofautiana na Wakushi. Kama kulikuwa na laana juu ya watoto wote wa Hamu, waandishi hao hawakuwa na habari nayo.

Sisemi kwamba Biblia nzima inazungumza kwa sauti moja. Mwanafunzi mwaminifu hawezi kuruka Kumbukumbu la Torati sura ya 7, inayoamuru Wakanaani waangamizwe, wala Mambo ya Walawi sura ya 25, inayoruhusu watumwa wanunuliwe kutoka kwa mataifa ya jirani. Ezra anawataka wanaume wawafukuze wake zao wa kigeni. Kitabu cha Ruthu kinamfanya mwanamke Mmoabu kuwa bibi-mkuu wa Mfalme Daudi. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba ndani ya Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, mtumwa wala huru, na katika Matendo sura ya 17 anawaambia Waathene kwamba mataifa yote yametoka katika mmoja. Mabishano hayo yamo ndani ya kitabu, na ni mabishano kuhusu imani, ndoa, ardhi na ugeni. Mbari haimo kwenye mabishano hayo.

Laana inapata miguu

Basi jina lilihamaje? Katika maelezo ya marabi, ikiwemo Talmudi ya Babeli, zilizuka simulizi kwamba Hamu aliadhibiwa katika ngozi yake. Simulizi za namna hiyo zilienea pia miongoni mwa Wakristo wa Mashariki na waandishi wa nasaba wa Kiarabu, hasa kadiri biashara ya watumwa kutoka kusini ya Sahara ilivyokua. Mantiki ni rahisi: ukishakuwa na mtumwa mweusi, unatafuta kitabu kitakachosema alizaliwa kuwa mtumwa.

Wapinzani walikuwapo mapema. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliwakejeli wananasaba waliodai kwamba weusi ulitokana na laana ya Nuhu. Alisema Taurati haitaji rangi hata kidogo, na kwamba rangi hutokana na joto la nchi. Ahmad Baba wa Timbuktu aliikataa hoja hiyo hiyo mwanzoni mwa karne ya 17 alipoulizwa kuhusu uhalali wa kuwafanya watu weusi watumwa. Hawa walikuwa Waislamu wawili waliosoma sura ya 9 ya Mwanzo kwa uangalifu kuliko Wakristo wengi wa zama zao na za baadaye.

Upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki laana ilikuwa silaha ya mahubiri. Alexander Stephens, Makamu wa Rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, aliitaja laana ya Kanaani katika hotuba yake ya Machi 1861 akieleza kwamba utumwa ndio msingi wa dola lao jipya. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa amekwisha kujibu mwaka 1845 kwa hesabu tu: kama wana wa Hamu peke yao ndio wanaoruhusiwa kuwa watumwa, basi utumwa wa Kusini unakaribia kukosa uhalali, kwa kuwa kila mwaka maelfu ya watumwa wanazaliwa na baba weupe.

Swali la Bombay

Katika nchi zetu tuna ushahidi wa maandishi wa siku laana hiyo ilipotamkwa, nao umehifadhiwa na msemaji mwenyewe. Mwaka 1858 John Hanning Speke alisafiri kutoka Kazeh, yaani Tabora, kuelekea Nyanza. Kiongozi na mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na kupata uhuru bwana wake alipofariki. Waliongea Kihindustani, kwa kuwa Speke hakukijua Kiswahili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864, Speke anasimulia kwamba Bombay alimuuliza ni kwa kanuni gani ya maumbile watu wake wamekuwa watumwa wa watu wote.

Ningependa tulitazame swali hilo kabla ya jibu. Anayeuliza ni mtu aliyeuzwa kwa vitambaa. Jibu la Speke lilikuwa hadithi ya Nuhu: alimweleza kwamba yeye ni wa uzao mweusi wa Hamu, na kwamba, wakiwa wanyonge, hawana budi kuwa chini ya wana wa Shemu na wa Yafethi, hadi wanadamu wote watakapostaarabika. Bombay naye akamwambia kwamba bwana wake wa Kiarabu alimpa maelezo mengine, hadithi ya mama mjane aliyemficha mmoja wa wanawe watatu, na uzao wa yule aliyefichwa ukahukumiwa weusi na utumwa. Hadithi hiyo haimo katika Kurani, wala ile ya laana ya Hamu haimo. Mabwana wa dini mbili walikuwa wamempa mtu mmoja ngano mbili zenye idadi ile ile ya wana na hitimisho lile lile.

Kwa Kiswahili mambo yanaingiliana zaidi. Neno mtumwa ni kitenzi tuma katika hali ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Mtume ni mzizi ule ule. Paulo anapoufungua waraka wake kwa Warumi anajiita mtumwa na mtume katika aya moja, na sikio la Mswahili linasikia kitu ambacho sikio la Kiingereza halisikii. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja, kazi iliyoanzishwa na Edward Steere, ilitoka mwaka 1891. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulitambuliwa kisheria hadi 1897. Kwa miaka sita, basi, kulikuwa na watu Unguja walioweza kuisoma laana ya Kanaani kwa lugha yao huku jina la mtumwa likiwa bado hadhi yao ya kisheria.

Uhamisho wa mwisho

Sasa jina linageuka upande. Baada ya msafara wa Napoleon nchini Misri mwaka 1798, Ulaya ilistaajabia mahekalu ya Mafarao. Misri ni mwana wa Hamu. Kama Hamu ni baba wa weusi waliolaaniwa, basi waliolaaniwa ndio waliojenga piramidi. Na hilo halikukubalika. Ufumbuzi uliopatikana, kama mwanahistoria Edith Sanders alivyoonyesha katika makala yake ya 1969, ni kumsafisha Hamu: ikakumbukwa ghafla kwamba laana ilikuwa ya Kanaani tu. Yaani matini ilisomwa vizuri, hatimaye, kwa nia mbaya. Wahamiti wakawa tawi la watu weupe, na watu weusi wakanyang'anywa hata baba waliyelaaniwa kwa ajili yake.

Speke aliichukua dhana hiyo mpya bila kuiacha ya zamani. Alipofika Karagwe mwishoni mwa 1861 na kukaribishwa kwa heshima na Mfalme Rumanika, aliona kwamba watu hao hawakufanana na picha yake ya uzao uliolaaniwa. Akaunda nadharia, na akaiita nadharia, katika kitabu chake cha 1863: watawala wafugaji, Wahuma, ni wahamiaji kutoka Uhabeshi, wenye damu ya Shemu na Hamu. Ushahidi ulikuwa pua, urefu na ng'ombe. Lugha ilikuwa kikwazo, kwa sababu wafugaji na wakulima wa Karagwe walizungumza lugha moja ya Kibantu, kama ilivyo Ankole, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo ilibidi idhaniwe kwamba wahamiaji waliipoteza lugha yao. Mwanaisimu anapoambiwa kwamba ushahidi pekee ulio katika uwanja wake umepotea, hana budi kushuku.

Wanaisimu wa zama hizo hawakushuku. Friedrich Müller aliweka kundi la Kihamiti-Kisemiti mwaka 1876. Lepsius, mwaka 1880, alitumia jinsia ya kisarufi kuwa kigezo. Kabla yao Wilhelm Bleek, ambaye tunamshukuru kwa jina Bantu, aliamini kwamba lugha zenye jinsia ya kike na kiume hukuza ubunifu wa visasili, na lugha za ngeli huudumaza. Laiti angesikiliza ngano za Sungura na Fisi, ambao katika Kiswahili huchukua upatanisho wa ngeli ya watu bila ruhusa ya mtu. Kilele kilikuwa kitabu cha Carl Meinhof kuhusu lugha za Wahamiti, Hamburg, 1912. Humo Kifula, Kihausa, Kisomali, Kimaasai na hata Kinama cha kusini vilikusanywa katika ukoo mmoja. Mtu akiuliza Kimaasai na Kinama vina nini pamoja, jibu ni kwamba vina jinsia ya kisarufi na wasemaji wake ni wafugaji. Meinhof ni baba wa ulinganishi wa lugha za Kibantu, na kazi yake hiyo tunaitumia hadi leo. Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Nazi. Yote mawili yawekwe katika rekodi.

C. G. Seligman alikipa kitu hicho umbo la kitabu cha kiada mwaka 1930, akifundisha kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti. Kitabu hicho kilichapishwa tena mwaka 1966, miaka mitatu baada ya Joseph Greenberg kutoa uainishaji wake kamili wa lugha za Afrika. Greenberg alitumia kanuni moja isiyo na mapambo: linganisha maumbo na maana, usiangalie ng'ombe wala pua. Kifula kikaenda Niger-Kongo pamoja na Kiwolofu, Kimaasai kikaenda Nilo-Sahara, Kinama Khoisan. Ilipobaki Misri ya kale, Kiberiberi, Kikushi na Kichadi, alionyesha kwamba hayo ni matawi yanayosimama bega kwa bega na Kisemiti, na hayafanyi kundi moja dhidi yake. Wahamiti walitoweka katika isimu, kwa sababu hawakuwahi kuwapo.

Nyabarongo

Laiti wangetoweka kila mahali. Nchini Rwanda wamisionari na maofisa wa Kijerumani, kisha wa Kibelgiji, walikuwa wamewafundisha Watutsi kwamba wao ni Wahamiti waliozaliwa kutawala, na Wahutu kwamba ni Wabantu waliozaliwa kutawaliwa. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Haya yalitendeka katika nchi ambayo watu wake wote, Watwa wakiwamo, huzungumza Kinyarwanda. Kigezo cha lugha, kimoja katika vile vinne vya Mwanzo sura ya 10, kiliwaunganisha, kiliwekwa kando.

Nadharia iliyosema mmoja ni mgeni bora ilihitaji kubadilishwa neno moja tu ili imfanye mgeni mwizi. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuhutubia mkutano wa chama chake na kusema kwamba Watutsi ni wa Ethiopia na watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia Mto Nyabarongo. Alikimbilia Kanada, akarudishwa Rwanda mwaka 2012, na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Kati ya Aprili na Julai 1994, katika siku zipatazo mia moja, waliuawa watu laki nyingi, na serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja. Maiti zilitupwa mitoni. Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia Ziwa Viktoria. Wavuvi wa Uganda na wa Tanzania waliziopoa. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wanaojua jiografia ya mkoa wa Kagera watakuwa wamekwisha kuona kwamba mto huo unapita mpakani mwa Karagwe, pale pale Rumanika alipoelezwa na mgeni wake kwamba asili yake ni Uhabeshi.

Sidai kwamba Speke au Meinhof aliua mtu mwaka 1994. Waliopanga na kuua wana majina yao, na mahakama ya Arusha iliwahukumu baadhi yao. Ninadai kwamba sentensi ya Kabaya isingeeleweka na msikilizaji yeyote kama haingetanguliwa na karne moja ya vitabu, na kwamba baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vya sarufi.

Majina yaliyobaki

Itaulizwa kama tubadilishe majina yote ya aina hii. Schlözer aliliweka jina la Kisemiti mwaka 1781 kutoka kwa Shemu, na bado tunalitumia; nalo lilitumiwa vibaya huko Ulaya, kwa maafa makubwa. Maoni yangu ni kwamba jina la kundi la lugha halina dhambi mradi linataja lugha na kuishia hapo. Ninachokataa ni kuandika Wahamiti au Wanilo-Hamiti kana kwamba ni watu. Maneno hayo bado ninayakuta katika maandishi ya wanafunzi, na wakiulizwa wameyatoa wapi hutaja madaftari ya historia ya sekondari. Mwanafunzi aliyezaliwa miongo mingi baada ya Greenberg anamwita jirani yake Mmaasai Mnilo-Hamiti, na anaamini ameandika sayansi. Walimu watarajiwa mliomo humu ukumbini mnalo la kufanya hapo.

Kikushi, kwa upande mwingine, ningependa kibaki. Huko Mbulu, Babati na Kondoa zinazungumzwa Kiiraqw, Kigorwaa, Kialagwa na Kiburunge, na ingawa nafasi yao kamili katika tawi hilo bado inajadiliwa, wanaisimu wengi huziita lugha za Kikushi. Jina hilo ni la mwana wa kwanza wa Hamu, ambaye hakuna aliyemlaani.